Paa Mpiga Ngoma na Mwaliko wa Chui

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakialikana harusini, alikuwako Paa mpiga ngoma. Sogeeni, ila msitegemee kucheka sana.

Ukame uliingia kijijini kwa akina Paa. Hakuna aliyeoa, hakuna aliyetahiri mtoto, basi nani atake ngoma? Kaka yake Paa, Sudi, naye fundi wa ngoma, alikwisha kwenda kutafuta kazi kwa Chui, ng'ambo ya mto. Mwaka ukapita, kimya.

Ndipo akaja Fisi, mtumishi wa Chui.

"Hodi! Paa, fundi mzima umekaa kula vumbi? Twende kwetu. Kila siku ngoma, kila siku pilau!"

"Kaka yangu hajambo?"

"Sudi? Kwakwakwa! Kanenepa huyo, hata kwao kapasahau."

Mama akamshika Paa mkono. "Nenda, mwanangu. Nirudishie mwenzio, nimwone kabla sijafa."

Walipofika, Chui akamkaribisha kwa bashasha, akamsukumia ngoma. Paa akaisogeza motoni ngozi ikaze, kama wafanyavyo wapigaji wote. Pembeni manyoya machache yalikuwa yamebaki, na katikati palikuwa na kovu. Alilijua. Yeye ndiye aliyemsukuma Sudi kwenye ua wa miiba walipokuwa watoto.

Kando yake aliona gogo jingine la ngoma, tupu, linangoja ngozi. Aliogopa, wanangu, aliogopa sana! Lakini machozi akayameza.

"Bwana Chui, mkubwa kama wewe hupigiwa ngoma kuu. Nipe gogo lile niliwambe mwenyewe, isikike vilima saba!"

"Na ngozi?" akauliza Chui, akilamba midomo.

"Ngozi baadaye. Kwanza kamba."

Mtungini zilikuwa zimelowekwa kamba za ngozi mbichi, ngozi ya mpiga zeze aliyefika juzi. Paa akazitoa.

"Gogo hushikwa na wenye nguvu. Likumbatieni, bwana huku, Fisi kule."

Akawazungushia kamba mikononi na viunoni, pamoja na gogo. Zilikuwa laini, teketeke.

"Zinatekenya!" akacheka Fisi.

Jua la mchana lilikuwa linachoma. Paa akaketi, akaipiga ngoma ya kaka yake: ndu! ndu! ti-ti-ndu! Chui na Fisi wakasinzia. Na ngozi mbichi ikikauka haina huruma.

"We Paa! Mbona zinabana?"

"Ndiyo kuwamba huko, bwana."

"Legeza! Nakufa!"

"Sudi alisema nini mlipomkamata?"

Fisi ndiye aliyejibu, analia: "Alimwita mama yake. Tuhurumie!"

Paa akaipachika ngoma mgongoni, akaenda zake. Siafu walikwisha kuanza kulipanda gogo.

Mama alikuwa mlangoni. "Mwenzio yuko wapi?"

Paa akamwekea ngoma mapajani. Mama akaipapasa, akaipapasa tena, kisha akapiga ukelele kijiji kizima kikatoka.

Basi, wanangu: kazi ifuateni hata mbali, lakini asiyewaonyesha aliyetangulia msimfuate.