Walioiokoa Gemu ya Ndekirwa

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Mimi nitasimulia, ninyi mtahukumu. Nimewapa kazi hii watu wengi kabla yenu. Wote walikuja wakijiona wajuzi, wakaondoka wakitukanana. Tuone ninyi.

Arusha walikuwapo vijana watatu waliotengeneza gemu, ile michezo ya kuchezwa kwenye simu na kompyuta. Wa kwanza, Nasieku Laizer, alijaliwa macho. Ukimsimamisha mbele ya bonde asilolijua, papo hapo atakuonyesha mahali ambapo kila mpita njia atageuza shingo. Wa pili, Lwitiko Mwakalobo, alijaliwa kuhisi uchovu wa wenzake. Mkitembea pamoja, yeye ndiye atakayesema "tupumzike" kabla hujajua kwamba miguu inakuuma. Wa tatu, Halfani Shemdoe, alijaliwa mpangilio. Alijua kipi kitangulie na kipi kifuate, wapi pa kukaza na wapi pa kulegeza.

Na alikuwapo bosi wao, Ndekirwa Mmbando. Huyu alijaliwa suti.

Ndekirwa aliagiza gemu ya safari. Mchezaji anatoka kambini, anavuka mabonde na mito, anatafuta chemchemi zilizopotea ili mifugo ya kijiji isife kwa kiu. Wazo halikuwa baya, kwa hiyo ni wazi halikuwa lake. Lilikuwa la vijana. Lakini kila aliyeijaribu gemu hiyo alipotea njia, akachoka, akaiacha.

"Wachezaji ni wajinga," Ndekirwa akasema. "Wawekeeni mishale."

Mishale ikawekwa. Watu wakaendelea kupotea. Akasema mishale iongezwe, na taa za kumetameta, na sauti ya kuelekeza. Mwishowe hukuweza kuona mto wala mlima kwa wingi wa mishale, na juu ya yote hayo mwanamume alikuwa akipayuka, "Geuka kulia! Nimesema geuka kulia!" Sauti hiyo ilikuwa ya Ndekirwa mwenyewe. Aliirekodi akiwa amesimama, eti ipate mamlaka.

Jirani wa ofisi, Mama Sifueli, muuguzi mstaafu, aliombwa aijaribu. Akavaa miwani, akacheza kidogo, akaiweka simu mezani.

"Huyu anayenifokea ni mume wa nani?"

"Huo ni mwongozo, mama," Ndekirwa akajibu.

"Mwanangu, nimefokewa na madaktari tangu nikiwa msichana. Sikustaafu ili nije nifokewe na simu."

Akaondoka, chai yake hata hakuigusa.

Wakati huo kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa imeahidi kuichukua gemu hiyo. Mkuu wake, Bi Mwanahawa Kitwana, alipoiona ilivyo, aliwaambia kwa simu: mkishindwa kuirekebisha kabla ya masika, msinitafute tena. Wote walijua maana yake. Hawakuwa na mnunuzi mwingine, na ofisi ingefungwa.

Ndekirwa alifanya nini? Alijiunga na klabu ya gofu. Alisikia kwamba matajiri huzungumzia mambo yao huko, akaamini kwamba akisimama karibu nao kwa muda wa kutosha, mmoja atamdondokea. Akanunua kofia, glavu na suruali ya miraba. Kupiga mpira hakujua. Akaogopa wabeba fimbo wa klabu wasije wakamcheka, akawachukua wafanyakazi wake mwenyewe. Nasieku akabebeshwa mfuko wa fimbo, Lwitiko mwavuli, Halfani deli la soda. Watu wenye akili zao, wanatembea nyuma ya suruali ya miraba!

Kiwanja chenyewe kilikuwa kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mpimaji mmoja wa zamani alikichora siku ambazo hapakuwa na mashine za kusawazisha vilima. Kwenye gofu unapiga mpira mpaka uingie shimoni, kisha unatembea kwenda kuanza shimo linalofuata, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mpimaji yule hakuweza kuilazimisha ardhi. Ilimbidi aizunguke kwa miguu mpaka aelewe safari nzima ipite wapi.

Ndekirwa alipiga mpira ukaingia majini. Akapiga mwingine, ukaufuata. Wakati akiulaumu upepo, vijana wake walikuwa wakitazama.

Nasieku aliona kwamba mashimo yamewekwa mahali ambapo jicho lingekwenda lenyewe: kwenye ukingo wa korongo, kwenye kona ya kijito, mgongoni mwa kilima kidogo. Hapakuwa na mshale hata mmoja, na bado hakuna aliyeuliza njia. Aliporudi ofisini alizihamisha chemchemi zote, akaziweka pale ambapo mchezaji angetazama hata asipoambiwa. Kisha akaifuta mishale na ile sauti. Ndekirwa akamwambia, "Ukiifuta sauti yangu, usije kazini kesho." Akaifuta. Na kesho yake akaja.

Lwitiko aliona kwamba ukimaliza shimo moja, la pili linaanzia hapo hapo, huna haja ya kurudi nyuma wala kuzunguka bure. Na miguu ilipoanza tu kulalamika, paa la klabu likatokea nyuma ya miti. Watu wakakaa, wakanywa maji, kisha safari ikatoka tena kwa upande mwingine. Hilo halikumtosha. Alirudi kila Jumapili, akajipenyeza kwenye ua wa klabu, akaitembea njia nzima apime wapi mtu huchoka. Walinzi walimfukuza, na siku moja mbwa wao alimrarua mguu. Akarudi na bandeji. Kisha akazikata upya njia za gemu: kila chemchemi ikakuacha mlangoni pa safari nyingine, na ulipokaribia kukata tamaa, moshi wa kambi ukaonekana.

Halfani aliona kwamba hakuna mashimo mawili yaliyofuatana yakielekea upande mmoja. Hapa upepo unakupiga usoni, pale unakusukuma mgongoni. Baada ya mwendo mrefu, mfupi. Baada ya shimo la kukuaibisha, la kukubembeleza. Na bonde lile lile ulilolivuka asubuhi, ukilivuka tena kutoka upande wa pili, unaliona geni. Akaupanga upya mfuatano wote wa gemu. Lakini katikati yake palikuwa na mlima alioutengeneza yeye mwenyewe, mwaka mzima, jiwe kwa jiwe. Kitu kizuri kuliko vyote vilivyokuwamo. Popote alipouweka, ulivunja mwendo. Nasieku alimsihi asiufute. Lwitiko naye alimsihi. Halfani akautazama kwa muda mrefu, akaufuta, akatoka nje asionekane uso.

Msifikiri kila mmoja angeweza peke yake. Walijaribu. Kazi ya Nasieku peke yake iliwapa wachezaji vitu vya kutamani, wakachoka njiani. Ya Lwitiko peke yake iliwafikisha nyumbani wakiwa hawana kiu wala hamu. Ya Halfani peke yake ilikuwa mwendo mzuri wa kwenda pasipojulikana. Wakaziunganisha, wakamwita tena Mama Sifueli. Akasema ana mboga jikoni, ataijaribu nyumbani.

Kesho yake alirudi amekunja uso.

"Maharage yangu yameungua. Na sufuria. Nani kati yenu amenifanyia hivi?"

"Mimi," wakasema wote watatu kwa pamoja.

Na hapo ndipo upuuzi ulipoanza. Watu waliokuwa wakigawana muhogo wa kuchoma kwa amani, ghafla kila mmoja akawa na hotuba.

"Bila macho yangu mngetembea kwenda wapi?" Nasieku akasema.

"Na bila mguu wangu huu angefika nani?" Lwitiko akapandisha suruali, kovu lionekane.

"Ninyi mliongeza," Halfani akasema. "Mimi nilitoa. Nani kati yenu alifuta kitu alichokipenda?"

Bi Mwanahawa akaja kutoka Dar es Salaam, akaicheza gemu mpaka mwisho, akairidhia. Kisha akatoa sharti.

"Gemu naichukua, na ofisi hii naifunga. Nahitaji mtu mmoja tu, aje aongoze gemu ijayo. Na juu ya hii litaandikwa jina moja. Kazi moja, kichwa kimoja."

Lwitiko akauliza, "Na wengine, Bi Mwanahawa?"

"Watapata kazi kwingine. Ni vijana."

Wenye viti vikubwa ndivyo walivyo: wanakula chakula cha wapishi watatu, kisha wanadai wamwone mpishi.

Ndekirwa akakohoa, akanyoosha tai. "Bi Mwanahawa, tusisahau ni nani aliyewapeleka kwenye gofu. Nisingewabebesha mizigo, wangeona nini?"

Nawaombeni msicheke sana, maana mwanamke yule hakucheka. Aliinamisha kichwa kama mtu anayelipima jambo.

Kisha akawageukia vijana. "Nimechoka kusikia kila mtu akijisifu. Hebu niambieni: kama si wewe, awe nani?"

Nasieku ndiye aliyeanza.

"Lwitiko," akasema polepole. "Mimi nilithubutu siku moja. Yeye alirudi kila Jumapili, hata baada ya mbwa."

Lwitiko akafuta jasho. "Halfani. Mguu wangu umepona. Mlima wake haurudi."

Halfani akamwangalia Nasieku. "Yeye. Asingeifuta ile sauti, sisi wawili tungekuwa bado tunapanga mishale."

Bi Mwanahawa akasimama, akachukua mkoba wake. "Mmenirudisha pale pale. Nitalala hapa mjini. Asubuhi nataka jina moja, mkiwa mmekubaliana wote. Mkishindwa, nitaandika la Bwana Mmbando na kuondoka naye. Angalau yeye hana shaka."

Akatoka. Ndekirwa akamfuata, akimfungulia mlango. Wale watatu wakabaki na meza yao, hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake.

Hapo nimefika, na mbele sijui. Haya, ninyi mnaopenda kukosoa kila kitu mkiwa mmekaa: aliyethubutu, aliyevumilia, au aliyejinyima? Taja jina moja, na uwe tayari kuwaangalia machoni wale wawili wengine. Na wewe unayesema eti wote sawa, ujue asubuhi inakuja, na Ndekirwa ameshapiga pasi suti.