Kinundu cha Kumi na Moja

Hapo zamani, watu wa kijiji kimoja walivuka kinamasi chao kwa kuhesabu. Njia ilikuwa vinundu kumi na viwili vya ndago, nyasi ndefu za kinamasini. Ndago huota juu ya ndago zilizokufa. Mizizi hushika tope, majani makavu huozea hapohapo, na kila mwaka kinundu hupanda kidogo, mpaka kinambeba mtu na mzigo wake. Kati ya kinundu na kinundu lilikuwepo tope la kumeza mtu. Mvukaji alihesabu kwa sauti, ili walio ng'ambo wajue amefika wapi.

Siku hiyo Kalunde alikuwa ng'ambo, akipalilia mtama. Binti yake wa pekee, Mbula, alikuwa anamletea uji. Kalunde alimsikia vizuri.

"Tisa. Kumi. Kumi na moja."

Akainama kung'oa gugu, akingoja kumi na mbili. Haikuja.

Kinundu kilikuwa kimebomoka chini yake. Walimtoa Mbula mchana, ameshakufa, wakamlaza kwenye mkeka. Desturi yao ilikuwa hii: aliyefia kinamasini huchimbiwa kaburi na mtu mmoja tu, yule aliyesababisha. Akishazika, mtu huyo huhamia ukingoni na kupanda ndago palipobomoka, wala harudi kijijini mpaka kinundu kipya kiweze kumbeba. Ni miaka ishirini, pengine zaidi. Asipojulikana, jembe haliguswi na maiti inangoja.

Mkuu wa kijiji aliliweka jembe chini. "Semeni," alisema. "Nzi wameshaanza."

Luhende, mwezekaji, ndiye aliyeanza. "Ndago za kinundu hicho nilizikata mimi, mwezi uliopita. Mvua zilikuwa karibu na paa la mama yangu lilikuwa wazi. Lakini nilikata majani. Mizizi sikuigusa. Ndago hukatwa zikachipua."

"Huchipua zikikatwa juu ya maji," alisema Nyanzobe, mwanamke mzee, mlinzi wa njia. "Wewe ulinyoa mpaka topeni ili usirudi mara ya pili. Maji yakafunika vishina, vikafa."

"Kinundu kilichokufa husimama miaka, shangazi. Kilichokibomoa ni maji ya kasi. Muulize Mihayo na mfereji wake."

Mihayo alikuwa mkulima wa mpunga. "Nilichimba, sikatai. Mpunga ulikuwa unazama. Na mpunga huo mliula wote, hata wewe Luhende, tena ukaomba ukoko. Maji yangu yamepita kwenye vinundu vyote. Vingine vimesimama. Kilichoanguka ni kile ulichokinyoa."

"Na mlinzi je?" Luhende aliuliza. "Kazi yake ni kuchoma kila kinundu kwa fimbo. Au fimbo ilikuwa inaota jua?"

"Nilikichoma jana jioni," Nyanzobe alijibu. "Fimbo ilizama mpaka kiganjani. Nikaiacha imesimama hapo, na fundo la nyasi juu yake, kama tulivyokubaliana. Mwenye kuona fundo hakanyagi. Leo nilikuwa natafuta watu wa kujaza tope."

"Hukupita nyumba kwa nyumba?" Luhende aliuliza.

"Tangu lini tunapita nyumba kwa nyumba? Alama inatosha."

"Tulipomtoa Mbula hapakuwa na fimbo."

"Labda imetembea," mtu mmoja alisema nyuma.

Kalunde alikuwa ameketi karibu na miguu ya mwanawe. Aliitazama mikono yake.

"Fimbo iko shambani kwangu," alisema.

Watu wakageuka.

"Asubuhi kulikuwa na ukungu. Nilipofika cha kumi na moja niliona fimbo. Fundo halikuwepo. Nikasema mtu kaisahau. Mgongo wangu mnaujua. Nikaichomoa, nikaiegemea, nikavuka; mimi kilinibeba."

"Fundo nililifunga mwenyewe," alisema Nyanzobe.

"Kwa nyasi gani?" aliuliza mkuu wa kijiji.

Nyanzobe alijibu, "Kavu. Upepo umezipeperusha, naona. Mbichi hazikuwepo. Zilikuwa zimekatwa."

Luhende aliinamisha kichwa.

Kalunde alisimama, akalishika jembe. "Nipeni. Angalau nimzike mimi."

"Ukilichukua, mwanangu, huna nyumba tena," Nyanzobe alimwambia. "Utakaa ukingoni mpaka uzeeke, ukipatazama pale. Na sisi watatu tutarudi kwetu kula." Akaushika mpini naye.

"Nisipolichukua, atazikwa na mtu mwingine."

Mihayo alisogea hatua moja, akasimama. Luhende hakusogea. Mkuu wa kijiji alilitazama jua, kisha mkeka, na hakutaja jina.

Nanyi mnaosikia, ndago walizikata, maji waliyaelekeza, fundo walilifunga, fimbo waliichomoa. Mbula bado yuko kwenye mkeka. Je, nani alistahili jembe lile?