Mbwa Wawili wa Ghala la Pareto

Kuokoa ni siku, kufuga ni miaka.

Jana kwenye kikao cha posa mlimsikia babu yenu mdogo akimwambia bwana harusi maneno hayo, mkacheka mkidhani anazungumzia mifugo. Leo mmenijia jikoni kuniuliza yametoka wapi. Kaeni basi, lakini mkono usiache kuchambua maharage.

Methali hii ilianza hivi. Juu ya kilima kile chenye mikaratusi palikuwa na shamba la pareto. Mwaka mmoja mwenye shamba alihama. Alipakia mitambo, magodoro, hata mabati ya jikoni, akafunga ghala kwa kufuli na kuondoka. Mbwa wake wawili, jike na dume, walibaki ndani ya ghala. Kama aliwasahau au aliwaacha kusudi, hakuna aliyepata kujua.

Siku ya tano alipita Vitus Mhongole, seremala, akitafuta mbao. Akasikia kitu kikikwaruza mlango. Alivunja kufuli kwa shoka. Jike alikuwa amebaki mifupa na ngozi. Dume alikuwa amelala, mguu wa nyuma umevunjika, hawezi hata kubweka. Walikuwa wameishi kwa maji ya mvua yaliyovuja kwenye paa. Vitus alimbeba dume begani, jike akamfunga kamba ya katani, akashuka nao mpaka sokoni.

Siku ile ilikuwa ya Vitus. Wanawake walileta uji, mchinjaji akatoa mifupa, na Jumapili padri alimtaja kanisani kuwa mtu mwenye huruma. Watu waliomjua na wasiomjua walimshika mkono.

Wiki tatu baadaye jike alikula kuku wa jirani. Mke wa Vitus akasema mbwa hawa wamezidi. Vitus akawapeleka kwa mjomba wake. Wakarudishwa kwa sababu jike alichimba bustani. Akawapeleka kwa mwalimu. Wakarudishwa kwa sababu dume alijikojolea kila aliposikia mlango ukifungwa. Nyumba ya tatu hawakumaliza hata siku mbili. Tangu hapo jike akawa haingii tena ua wa mtu yeyote. Ukimvuta, analala chini. Ukimpa chakula, anakutazama wewe, chakula hakitazami.

Basi asubuhi moja Vitus aliwafunga kamba akashika njia ya msituni. Kwenye daraja la magogo alikutana na Oresta, mjane aliyekuwa akigema ulanzi, ile pombe ya mianzi, amebeba kibuyu.

"Kamwene, mama," Vitus alimsalimia.

"Kamwene. Unawapeleka wapi hao?"

"Ng'ambo huko. Watajitafutia."

Oresta alimtazama dume, na mguu wake uliounga vibaya. "Huyu atajitafutia nini na mguu huo? Chui atamtafuta yeye."

"Sasa nifanye nini, mama? Nimejaribu nyumba tatu. Mimi ndiye niliyewatoa kule ghalani, au umesahau?"

"Sijasahau. Nilikuwepo sokoni, nami nilikupigia vigelegele." Alitua kibuyu chini. "Lakini mwanangu, ukiwaacha huko, ni afadhali ungewaacha ndani ya ghala. Kule walikuwa wameachwa mara moja tu."

Vitus akauliza, "Nawe ukichoka nao?"

"Nikichoka nitapumzika, nao wakiwa palepale. Nipe kamba."

Akampa.

Oresta hakuwa na maneno mengi na mbwa wale. Jike alilala nje ya ua siku kumi na moja. Oresta hakumwita wala kumvuta. Alikuwa akimwekea chakula, kisha anakaa akimpa mgongo, anapukuchua mahindi. Kila jioni alikisogeza kile chakula hatua moja karibu na mlango. Siku ya kumi na mbili mvua ilinyesha kwa upepo, na Oresta alipogeuka alimkuta jike amesimama jikoni akitiririka maji. Akamsogezea gunia. Kwa ajili ya dume aling'oa mlango wa jikoni, akaweka pazia la mkeka, na mwaka mzima alipika katika baridi yetu hii bila mlango. Kuku walipoliwa, alijenga banda imara zaidi. Watu walimcheka. Aliwapa majina: jike Tulia, dume Fika.

Fika aliishi miaka sita, akafa usingizini. Tulia aliishi kumi na mmoja. Mwishoni alikuwa kipofu, na Oresta, naye magoti yakimuuma, alikuwa akimtoa nje kwa kumshika shingo, asubuhi na jioni.

Tulia alipokufa, Oresta alianza kuchimba kaburi nyuma ya nyumba. Njia ile inapita pale, watu wakasimama kushangaa: mbwa azikwe? Vitus, wakati huo ana mvi, alifika na jembe begani. Alimpokea Oresta kazi, akachimba mpaka kiunoni.

Mzee mmoja akawaambia vijana waliokuwa wakicheka, "Nyamazeni. Huyu bwana ana haki ya kuzika. Ndiye aliyemwokoa mbwa huyu."

Vitus aliacha kuchimba, akaegemea mpini.

"Ni kweli nilimwokoa," alisema. "Ilinichukua asubuhi moja, nikasifiwa mpaka kanisani. Huyu mama amekaa naye miaka kumi na mmoja, na leo ndiyo kwanza mnasimama hapa kwake, tena kwa kumcheka."

Oresta alikuwa akimviringisha Tulia kwenye gunia, hata sidhani kama alisikia.

Vitus akainama tena akachimba, akasema kama anayejiambia mwenyewe, nasi tuliokuwa karibu tukamsikia:

"Kuokoa ni siku. Kufuga ni miaka."