Chumba cha Mama Mkwe

Aliyekisimulia kwanza kisa hiki ni shangazi yetu Nasemba, mwaka 1981, siku ya Idi, nyumbani Korogwe.

Mzee Kihiyo alitaka kumtoa mpangaji aliyekaa naye nyumba moja, Tausi muuza vitumbua, ili chumba akipangishe kwa mwenye duka. Lakini baraza la nyumba halikuruhusu mpangaji atolewe ila mwenye nyumba akikihitaji chumba mwenyewe au kwa jamaa yake. Basi Kihiyo akaapa mbele ya mwenyekiti: "Namleta mama mkwe wangu. Ni mzee, anaishi peke yake shamba."

"Unasemaje, Tausi?" mwenyekiti aliuliza.

"Kama ni mama mkwe, mheshimiwa, nitahama bila kinyongo. Naomba wiki moja tu, nimpakie chumba chokaa."

Kihiyo alicheka. "Mpangaji mwenye adabu namna hii sijapata kumwona!"

Wiki ilipokwisha walirudi barazani kukabidhiana ufunguo. Tausi aliingia amemshika mkono bibi kizee aliyebeba mkeka na kuku. Kihiyo alipomwona mkwewe, aligeukia ukutani kwa heshima.

"Chumba nimekiona, kizuri," bibi alimwambia mwenyekiti. "Lakini ua ni mmoja na bafu ni moja, na mimi siogi bafu moja na mkwe wangu. Hebu muulize, baba, yeye anahamia wapi?"

Kihiyo aliuambia ukuta: "Mheshimiwa, chumba sikihitaji tena. Tausi abaki."

Mama mkwe alifariki, kisha Kihiyo naye. Tausi yu hai, na anakaa chumba kilekile.