Tokeni ya Kiboko na Mlango wa Nyuma

Paukwa!
— Pakawa!
Jiwe!
— La Pimbi.
Maji!
— Ya Kiboko.
Ghala!
— La nani?
Hapo ndipo penye ngano. Kaeni vizuri.

Palikuwa na Kiboko, na palikuwa na Pimbi. Kiboko aliishi mtoni, ana kinywa kikubwa na ghala kubwa kuliko kinywa. Pimbi aliishi juu ya jiwe, mdogo kama sungura aliyekatwa masikio. Mkewe alifariki mwanzoni mwa kiangazi. Alimwachia kibuyu kimoja cha mbegu ya mtama, kimetundikwa juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu. Mdomo wa kibuyu aliuziba mwenyewe kwa udongo, na alama za vidole vyake zilikuwa bado zipo. Pimbi alikitazama kila asubuhi. Hakukigusa.

Mwaka ule Kiboko alitoa tokeni, akaiita Ngurumo. Haikushikika, haikuonekana, iliishi ndani ya simu. Ukileta debe la mbegu, unapewa Ngurumo moja. Na kila asubuhi simu zililia ting! na bei ikapanda.

Kanga akapeleka debe lake. Ting! Ngiri akapeleka lake. Ting! Wengine wakafuata, ting, ting, ting! Ghala la Kiboko likajaa mpaka mlango ukagoma kufungika.

Siku moja Kiboko akapanda jiweni, gudu, gudu, gudu!

"Mdogo wangu Pimbi, pole tena na msiba."

"Nimeshapoa, Bwana Mkubwa."

"Nakuonea huruma. Kibuyu kimelala tu hapo juu. Marehemu angefurahi kuona mbegu zake zinazaa bila jembe."

Pimbi akatazama juu. Shamba lile walikuwa wakililima wawili. Hakujua kama angeliweza peke yake.

"Bei ya Ngurumo inapandishwa na nani?"

"Na soko."

"Na soko ni nani?"

Kiboko akakohoa. "Kwa sasa, ni mimi."

"Nipe siku moja nifikiri."

Sasa sikilizeni. Pimbi hawahamii pango kwa kutazama mlango wa mbele. Huingia mbele, wakatokea nyuma, ndipo wakahamia. Pango lisilo na mlango wa nyuma ni tumbo la chatu. Mapango yote waliyowahi kuishi, marehemu ndiye aliyeyapima. Safari hii Pimbi alipaswa kupima mwenyewe. Akashuka kwa Kanga.

"Dada Kanga, Ngurumo yako ina thamani gani leo?"

"Madebe manane!" Kanga akatikisa mabawa. "Shemeji, mimi ni tajiri. Hata mwendo nimebadilisha, hujaona?"

"Nimeona. Basi iuze, upate japo debe moja. Mawingu yamekaribia."

Kanga akaenda kwa Kiboko. Akarudi amenywea.

"Kasema haiuziki mpaka mwakani."

"Na mvua je?"

"Nimemuuliza. Kaniambia, mvua nayo inunue." Kanga akaanza kulia. "Nina vifaranga kumi na viwili, shemeji. Nitapanda simu?"

"Nyamaza. Kawaambie wenzako: mlango wa ghala ukifunguliwa, kila mtu achukue debe alilopeleka. Moja tu."

"Lakini simu inasema manane!"

"Ghalani mna debe lako moja. Hayo saba mengine yako wapi?"

Kanga akafikiri. "Kwenye ting."

Kesho yake Pimbi akashuka mtoni.

"Bwana Mkubwa, mimi mdogo, na kibuyu changu kidogo. Lakini ndugu yangu Tembo ana maghala saba."

Kiboko akacheka mpaka maji yakaruka. "Pimbi wee! Wewe na Tembo, ndugu?"

"Nitazame meno."

Pimbi akafunua mdomo. Kiboko akainama, akachungulia. Kweli, meno mawili yalichomoza mbele, pembe kabisa, ndogo kama miiba.

"Lo! Ni ndugu."

"Na ukoo wetu una sharti moja tu. Tembo haingii mahali mpaka aone walioingia wanaweza kutoka."

Tumbo la Kiboko likalia, guuu. Alipiga hesabu ya maghala saba, akalisahau moja lake.

"Waite hao wa kutoka!"

Mlango ukafunguliwa, kwaaa! Kanga akarudisha Ngurumo, akabeba debe. Ngiri akarudisha Ngurumo, akabeba debe. Kiboko alipoona hawadai manane, aliwaona wajinga, akafurahi. Debe kwa debe, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Ghala likabaki na vumbi. Kiboko akabaki na tokeni zote.

"Haya, Tembo aje anunue!"

"Anunue nini, Bwana Mkubwa? Ghala ni tupu. Ndugu yangu ana pembe, hana ujinga."

Kiboko akatazama simu. Simu ilisema yeye ni tajiri kuliko mto wote. Akajitumbukiza majini, chubwi! akaacha masikio nje ili asikie ting. Mpaka leo yapo nje, yanatikisika.

Mvua ikanyesha. Pimbi akatungua kibuyu, akakaa nacho kidogo. Kisha akabandua ule udongo polepole, ukatoka mzima, akauweka pangoni pasipofika maji. Akachukua jembe. Alipofika shambani alimkuta Kanga na vifaranga kumi na viwili wamekwisha kuanza, upande ule aliokuwa akilima marehemu. Hakuna aliyekuwa amewaita.

Na funzo ni hili, wasikilizaji: msiwe na haraka ya kuuza. Pimbi, Kanga na Ngiri waliambulia mtama, na mtama huliwa ukaisha. Kiboko, aliyekuwa na subira, ndiye mwenye tokeni zote. Mkipita mtoni mpeni hongera, ila msiingize mguu majini.

Ngano yangu iliingia kwa mlango wa mbele. Mlango wa nyuma ule pale, uko wazi. Piteni salama.