Matela ya Maji ya Boazi

Wahenga walituachia neno kwamba kuuliza si ujinga, wakiwa na maana kwamba anayetaka kujua hujiepusha na hasara. Boazi wa Mpemba, karibu na Tunduma, alilijua neno hilo tangu shuleni. Kulifuata ndiko kulikomshinda.

Boazi alikuwa fundi wa kuchomelea, na matela yake yalisifiwa Tunduma nzima, hata na madereva wa Zambia. Kambi moja ya jeshi ilipompa kazi ya kutengeneza matela manne ya kubebea maji, moyo wake ulijaa furaha. Kambi ilimletea pia mhandisi, binti aitwaye Jenista, wa kuzifundisha karakana ndogo utaratibu: kumuuliza mtumiaji anataka nini, kuchora kwenye kompyuta, kisha kutengeneza moja na kulijaribu kabla ya kugusa mengine.

"Mzee Boazi, twende kambini tukaulize yatavutwa na gari gani," Jenista alimsihi.

"Mwanangu, huku kwetu fundi akimuuliza mteja, mteja anahamia kwa jirani. Tena niwaulize wanajeshi? Wataniona sijui kazi."

Jenista alisema hadi akachoka, mwenzake ametia pamba masikioni. Boazi aliyachomelea yote manne kwa mkupuo, kwa kimo cha malori aliyoyazoea.

Siku ya kuyachukua, Sajenti Asajile alifika na gari la jeshi, lile lile lililokuwa likipita mbele ya karakana kila asubuhi. Pete ya tela ikabaki juu, kulabu ya gari chini. Boazi aliona aibu mpaka jasho likamtoka.

"Narudi mwisho wa mwezi," sajenti alisema. "Yasiponasa, kazi inakwenda Mbeya."

Nyumbani mkewe, Ketrina, hakumumunya maneno. "Baba Recho, hao vijana wa karakana watakula hicho kiburi chako?"

Kesho yake Boazi alimfuata Jenista, wakaenda kambini. Alipima kulabu, akauliza habari za barabara na breki. Mwishowe akamuuliza Sajenti Asajile, "Afande, maji mtayajaza kwa pampu?"

"Pampu porini inatoka wapi, mzee? Tunachota mtoni kwa ndoo."

Boazi alishtuka. Midomo ya matangi yake ilikuwa myembamba, ya kupitisha mpira wa pampu tu. Asingeuliza, yangekataliwa mara ya pili.

Walikata na kuchomelea upya tela moja, wakalijaribu kwa gari lenyewe na ndoo zenyewe, ndipo wakagusa mengine. Faida yote iliishia kwenye vyuma vya kurudia, lakini mwisho wa mwezi pete zilinasa.

"Mbona hukuuliza mapema, mzee?" sajenti alisema huku akipanda gari.

"Niliogopa mtaniona mjinga, afande."

"Tulikuona hivyo siku ile tela lilipogoma kunasa."

Ama kweli, kuuliza si ujinga.