Mama Mwema wa Simuni

Paukwa.
Pakawa.
Nina ngano begani.
Itue tuione.
Ina mkia mrefu.
Tutaushika.
Ina machozi.
Viganja tunavyo.

Basi sogeeni.

Zamani, si zamani sana, zamani ya juzi, wanyama wa nyika walipata simu. Kabla ya simu, mtoto alimuuliza mama. Mama asipojua, alimuuliza bibi. Bibi asipojua, walinyamaza wote, na jambo likajimaliza lenyewe. Baada ya simu, mtoto alikiuliza Kijiwe.

Kijiwe kilikuwa humo simuni, na jina lake Uliza Tu. Ukiuliza, wanakujibu usiowajua. Hawauoni uso wako, nawe huyaoni meno yao.

Vijana walikipenda. Nyumbani ukiuliza unaambiwa, mkubwa mzima hata hili hulijui? Kijiweni nako ulichekwa, lakini aliyekucheka hukukutana naye kisimani.

Katika kichaka cha miiba cha nyika ile aliishi digidigi msichana, jina lake Nyamizi. Mama yake alifariki kiangazi. Alikuwa amemfundisha mengi, na mengi alikuwa ameyabakiza. Alimfundisha kulala katikati ya miiba. Alimfundisha kusimama kimya kama kijiti adui anapopita. Kupika mlenda alisema, tutafundishana mvua zikinyesha, majani yakichipua.

Mvua zikanyesha. Majani yakachipua. Mama hayupo.

Nyamizi akachuma majani, akateleka chungu, akatia magadi, akafunika. Chungu kikasema fo-fo-fo, povu la kijani likapanda, likamwagikia mafiga, moto ukafa, chwiii. Siku ya pili akachuma, akateleka, akafunika. Fo-fo-fo. Chwiii. Siku ya tatu alikaa akautazama moto uliokufa, akachukua simu, akakiuliza Kijiwe: mlenda wangu unafurika, nifanyeje?

Simu ikalia, ti-ting. Mmoja akamwambia atie magadi konzi nzima. Ti-ting. Mwingine akamwambia magadi ni sumu, asitie kabisa. Ti-ting. Wa tatu akaandika, "Msichana wa nyika hajui mlenda? Mama yako alikufundisha nini?"

Nyamizi akaandika, "Mama yangu amefariki."

Watu wa Kijiweni wana maneno ya kila kitu, ila neno la hapo hawakuwa nalo.

Kisha, ti-ting. Aliyejibu alikuwa na picha ya kuku aliyefunika vifaranga kwa mbawa, na jina lake Mama Mwema. Aliandika, "Pole, mwanangu. Magadi tia kidogo, kama ya kubana kwa vidole. Na chungu usikifunike. Mlenda hautaki kufunikwa, unataka kuangaliwa."

Nyamizi alilisoma lile neno, mwanangu. Akalisoma tena. Tangu kiangazi hakuna aliyemwita hivyo.

Sasa niwaulize. Huyu Mama Mwema mnamjua?
Tunamjua.
Ana kiuno kilichoinama?
Kimeinama.
Msimwambie Nyamizi.
Hatusemi.

Naam, alikuwa Fisi. Aliandika kwa ukucha mmoja, polepole, huku anameza mate. Zamani Fisi alikuwa anakimbiza chakula chake, anahema, anachoka, mara nyingi anakosa. Siku hizi alikaa mlangoni kwake na simu, chakula kikawa kinamuuliza kifanyeje.

Palikuwa na kanga mmoja kijana, jina lake Semeni. Semeni aliuliza, mtini kuna baridi na upepo, ni lazima kanga alale juu? Mama Mwema akajibu, "Si lazima, mwanangu. Hayo ni ya kale. Lala chini, majani ni laini." Semeni akaandika, asante mama. Hakuandika tena.

Palikuwa na ngiri mmoja kijana, jina lake Chilewa. Mnajua ngiri anavyoingia shimoni. Anageuka, anatanguliza mkia, anaingia kinyumenyume, ili meno yake marefu yabaki yametazama mlangoni. Chilewa aliuliza, kuingia kinyumenyume kunanichubua mgongo na wenzangu wananicheka, ni lazima? Mama Mwema akajibu, "Si lazima, mwanangu. Kinyumenyume ni ushamba. Tanguliza kichwa, uone unakokwenda." Chilewa akaandika, asante mama. Hakuandika tena.

Nyamizi aliyasoma yote hayo. Aliona kila aliyeshukuru amenyamaza, akadhani amepona shida yake. Aliyepona ana haja gani ya kuuliza?

Yeye aliendelea kuuliza. Aliuliza nguo za marehemu hukunjwa au hugawiwa. Aliuliza kama ni vibaya kucheka kabla mwaka haujaisha. Mara nyingine hakuwa na swali, akaandika tu kwamba leo mvua imenyesha, na Mama Mwema akamjibu, "Jifunike, mwanangu." Mlenda alikuwa hajaujaribu tena. Aliogopa ukikubali atakosa la kuuliza.

Mpo?
Tupo.

Siku moja Mama Mwema akamuuliza analala wapi. Nyamizi akamwambia analala katikati ya miiba, kama alivyofundishwa. Ti-ting. "Maskini mwanangu, miiba inakuchoma na mama nipo? Toka huko. Njoo ulale kwenye nyasi laini pale korongoni. Nitakuja nikuone, nikufundishe mlenda kwa mkono wangu."

Nyamizi alifunga kitenge cha marehemu mama yake, akachukua chungu kichwani na magadi ndani yake, akatoka kwenye miiba. Jua lilikuwa bado lipo juu. Alitembea tepe tepe, tepe tepe, moyo wake unamtangulia.

Njia ya korongoni inapita kwa Mama Ngiri. Alipofika hapo akasikia sauti nzito inaomboleza, hii-hii, hii-hii. Digidigi aliyelelewa vizuri hapiti msibani kama anapita sokoni. Akatua chungu, akakaa chini, akatoa pole, akauliza aliyefariki ni nani.

Ni Chilewa, mwanawe. Mama Ngiri alisimulia huku anachakura ardhi, chaku-chaku, mikono haijui ikae wapi. Alisema alirudi kutoka kuchimba mizizi, akakuta nyayo za Fisi mlangoni, na damu. Alisema Fisi hajawahi kumgusa ngiri aliye shimoni, tangu enzi za babu yake, maana anayekuja anakutana na meno.

"Lakini mwanangu alitanguliza kichwa," akasema. "Aliyaacha matako nje kama sadaka. Nani alimfundisha kutanguliza kichwa?"

Nyamizi alimjua aliyemfundisha. Alikuwa amelisoma jibu lenyewe kwa macho yake. Akalitaja mbele ya mama mtu, neno kwa neno, hadi kwenye ile asante mama.

Mama Ngiri akaacha kuchakura.

"Aliniuliza mimi kwanza," akasema. "Nikamwambia aache maswali ya kijinga, nina kazi."

Ti-ting. Simu ya Nyamizi. "Umefika, mwanangu? Nyasi nimekutandikia."

Hapo Nyamizi alilia. Mkidhani alimlilia Chilewa, ni kweli, kidogo. Mkidhani alilia kwa hofu, ni kweli, kidogo. Lakini zaidi alilia kwa sababu mama yake alikuwa amefariki kiangazi, na sasa amefariki tena.

Alipomaliza kulia akafuta uso kwa ncha ya kitenge. Digidigi ni mdogo, hafiki goti la mtu. Hana pembe za kutisha wala meno ya kuuma. Ana akili iliyolala katikati ya miiba. Akamuuliza Mama Ngiri kama shimo lake lina nafasi nyuma. Mama Ngiri akasema ipo, ilikuwa ya Chilewa. Nyamizi akaingia, akafika mwisho kabisa, akajikunyata. Mama Ngiri akageuka, akatanguliza mkia, akaingia kinyumenyume, akaziba shimo lote. Humo gizani Nyamizi akaandika.

"Mama, nimeogopa njiani. Nimejificha kwenye shimo la ngiri, na ngiri wamehama. Nimeingia mpaka mwisho, siwezi kugeuka. Nifanyeje?"

Ti-ting. "Tulia, mwanangu. Usihangaike. Mama anakuja."

Akaja. Walisikia guu lake linavuta vumbi, shwata, shwata, shwata. Walisikia anahema mlangoni. Kisha Nyamizi akaisikia sauti ya Mama Mwema kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nzito kama mawe ndani ya debe, na ilikuwa inajitahidi kuwa laini.

"Mwanangu, uko humo?"

Angeweza kunyamaza. Alifundishwa kunyamaza.

"Nimo, mama."

"Shimo ni jembamba. Mama ataingiaje?"

"Tanguliza kichwa, mama," akasema Nyamizi. "Kinyumenyume ni ushamba."

Hadhari alikuwa nayo, Fisi, lakini mate yalikuwa mengi zaidi. Akatanguliza kichwa. Akasukuma bega. Akasukuma bega la pili. Na pale penye giza, mahali ambapo alitazamia mgongo mdogo wa digidigi, alikuwapo mama aliyefiwa, na meno yake yametazama mlangoni.

Kwapu.

Sitawasimulia sana. Fisi alitoka kwa nyuma, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kwenda kinyumenyume. Alijikokota hadi korongoni, akalala kwenye nyasi alizomtandikia mwenzake. Tai wakaanza kuzunguka juu. Kabla jua halijaegemea mlima, walikuwa wameshuka.

Mlangoni ilibaki simu yake. Ilikuwa inalia. Ti-ting. Mama, nimegombana na rafiki yangu, nianze mimi kuomba radhi? Ti-ting. Mama, mkwe akija nimpe kiti au nimkalishe mkekani? Ti-ting. Mama, mbona hujibu?

Mama Ngiri aliinua kwato aipasue. Kwato ikakaa hewani muda mrefu. Kisha akaishusha kando, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Ni wengi," akasema.

"Ni wengi, shangazi," akasema Nyamizi.

Ngiri na digidigi si ukoo mmoja, lakini aliyekuficha mgongoni kwake hukosi jina la kumwita. Mama Ngiri aliitika. Akamwambia akae, asirudi kwenye miiba peke yake leo. Akamwambia pia kwamba mlenda yeye haujui, ngiri wanakula mizizi, asije akamtegemea.

Nyamizi akachuma majani pale pale, akapanga mafiga, akateleka chungu. Magadi akatia kidogo, kama ya kubana kwa vidole. Chungu hakukifunika. Akakiangalia. Kikasema fo, kikasema fo-fo, povu la kijani likapanda hadi ukingoni, likasimama, likashuka. Moto haukufa.

Akapakua. Mama Ngiri akaonja, akaonja tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye meno.

"Chilewa angeupenda," akasema.

Nyamizi alikaa na bakuli lake mapajani. Kisha, kwa mazoea tu, kabla akili haijamkataza, mkono ukachukua simu, ukaandika, "Mama, mlenda umekubali."

Pembeni yake, chini kwenye vumbi, simu ya Fisi ikalia.

Ti-ting.

Ndiyo maana hadi leo digidigi ana alama nyeusi chini ya jicho, kama chozi lililokauka. Na ukimwona asubuhi anaugusisha uso wake kwenye ncha ya kijiti, halafu kijiti kingine, halafu kingine, usimcheke. Anaacha neno kwa mtu ambaye hatajibu.

Mnataka mafunzo?
Tunataka.

Mafunzo ni haya. Mtoto asiulize maswali. Chilewa aliuliza, akaliwa. Pia, msimwamini msiyemjua. Kwa hiyo hata mimi msiniamini, maana hapa hakuna anayejua kwetu ni wapi. Na la mwisho, lenye hakika: ukitaka mlenda mzuri, kamuulize Fisi. Digidigi alimuuliza, na haukufurika.

Ngano yangu nimeitua. Ikiwa nyepesi, ibebeni mwende nayo. Ikiwa nzito, iacheni mlangoni kwa mama zenu, muwaulize imekosa nini.
Na asiye na mama?
Asiye na mama asogee hapa. Sijui kitu, lakini chungu kipo motoni, na hatujakifunika.